Mzazi Asiye na wa Kumpikia Uji

(Mimi ni mkunga. Hotuba hii niliitoa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, mbele ya kina mama, wavuvi na manahodha, katika Wiki ya Unyonyeshaji mwezi wa Agosti. Wengi siku ile walikuwa baharini. Naiweka hapa nzima kama nilivyoisema; picha tu ndizo nilizoziacha.)

Assalaam alaykum.

Bwana Sheha, wazee wangu, mama zangu, manahodha, na nyinyi wanangu mliopanda juu ya ngalawa huko nyuma kwa kuwa mikeka imejaa.

Kila mwaka, tarehe 1 hadi 7 Agosti, huwa nasimama mahali kama hapa nikizungumzia ziwa la mama. Maneno yangu mmeshayahifadhi. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo, apewe mtoto ndani ya saa ya kwanza, wala isikamuliwe ikamwagwa. Miezi sita ziwa tupu, bila uji, bila hata maji. Nami leo nimekuja na hayo hayo. Ila nataka tuyatazame kwa mzazi mwingine, mzazi ambaye wengi wenu mmemwona kwa macho kuliko mimi. Yuko nje hapo, nyuma ya kisiwa cha Pungume. Hana kadi ya kliniki. Hana mkunga. Na wala hana wa kumpikia uji wa pilipili manga.

Namsema nyangumi. Nyangumi wa nundu, huyu mwenye mapezi marefu ya ubavuni anayetupitia kusi linapovuma, kuanzia Julai mpaka Oktoba.

Mnajua anatoka wapi? Anatoka Antaktika, kwenye bahari ya barafu, zaidi ya kilomita 6,000 kusini kwetu. Mnajua anafuata nini? Watu hunijibu, "Anafuata samaki." Hapana, ndugu zangu. Chakula chake amekiacha kule kule. Kule ndiko kwenye uduvi wadogo wadogo, makundi kwa makundi, na majira ya joto ya huko yeye hula mpaka akanenepa. Kisha huondoka. Anapofika kwetu hali kitu. Anaogelea hana kitu tumboni, anazaa hana kitu tumboni, ananyonyesha hana kitu tumboni, na anarudi Antaktika njia ile ile bado hana kitu tumboni.

Mama zangu, nawauliza nyinyi mliozaa. Nani hapa alikaa arubaini yake bila kula? Sisi mzazi akishajifungua, nyumba nzima inasimama. Mama mkwe yuko jikoni. Shoga analeta supu ya pweza ili maziwa yashuke. Mzazi haendi kisimani wala hachanji kuni. Kwa nini? Kwa sababu wazee wetu walijua kwamba maziwa hayatoki hewani. Kila tone lina lilipotoka.

Na la nyangumi linatoka wapi? Kwenye shahamu ya mgongo wake. Peke yake. Hana ghala lingine.

Nimeona niwaambie hili mwanzo kabisa, kwa sababu mengine yote nitakayosema yananing'inia hapo.

Mtoto wake hubebwa tumboni miezi kumi na moja hadi kumi na miwili. Anazaliwa na urefu wa mita 4 na zaidi, uzito unakaribia tani moja. Mtoto huyo ana kazi mbili tu: kuvuta pumzi na kunenepa. Lazima anenepe upesi, maana yale maji ya barafu hayamsubiri, na safari ya kwenda huko lazima aimalize pembeni mwa mama yake. Basi Mola kampa maziwa ya namna yake. Maziwa yetu sisi wanawake yana mafuta asilimia 4 hivi. Ya nyangumi hufika asilimia 35, hata 50. Mkitaka kuelewa kwa mambo ya jikoni, yetu ni tui jepesi la mkamuo wa mwisho, na yake ni tui bubu. Ni mazito kama dawa ya meno.

Ananyonyaje ndani ya maji? Hili niliulizwa na mtoto wa darasa la tatu, na nilikaa siku mbili nikisoma kabla sijamjibu. Nyangumi hana midomo laini ya kufyonzea kama ya mtoto wetu. Na mama hana ziwa la kuning'inia. Chuchu zake mbili zimefichwa ndani ya mikunjo chini ya tumbo, karibu na mkia. Mtoto anazama, anaziba pumzi, anasukuma pua yake pale. Chuchu inatokeza. Ulimi anaukunja kama unavyokunja jani la mgomba ukawa mfereji. Halafu mama mwenyewe ndiye anayekaza misuli, na maziwa yanaruka mpaka kooni. Muda mfupi tu, kisha mtoto anakimbilia juu kuvuta hewa. Anarudi tena. Anapanda tena. Mchana na usiku.

Mwaka jana nahodha mmoja, yuko hapa ila amenikataza nisimtaje, alinipitia kituoni akaniambia, "Mkunga, njoo ukamwone mzazi mwenzio." Nikaenda. Tulipopita Pungume akazima mashine, tena akiwa bado mbali, akaacha mkondo utuchukue. Tukanyamaza. Kilichotokea kwanza ni mtoto. Alipuliza kidogo, kama mtu anayezima taa ya kibatari. Rangi yake ilikuwa kijivu cha kupauka, na pezi lake la mgongoni lilikuwa limelala upande mmoja, halijanyooka, kama sikio la mtoto mchanga lililokunjika tumboni. Nilimtazama kwa saa yangu, hii ninayopimia mapigo ya moyo. Akapuliza mara tatu, akazunguka duara moja, akazama pale pale. Baada ya dakika nne akatokea tena. Pale pale. Mara tano alifanya hivyo, na mama hatumwoni. Nahodha akaninong'oneza, "Mama amelala chini. Huyu pumzi yake fupi, anapanda peke yake, lakini hatoki juu ya mgongo wa mama."

Kisha maji yakabadilika rangi. Yakawa kijani, yakawa meusi, na mgongo ukainuka taratibu kama jabali maji yanapokupwa. Mama akavuta pumzi ndefu. Hakuondoka. Alijilaza, na mtoto akaingia chini yake upande wa mkia, akabaki ncha ya mkia wake tu inayotikisika. Alipochomoka, nyuma yake pakabaki uzi mweupe ndani ya maji, ukajikunja, ukatawanyika. Tui hasa. Mimi nimepokea watoto kwa miaka mingi, na nilijikuta nalia ndani ya boti.

Sasa, watu wanasema, "Lakini mnyama huyu ni mkubwa. Bahari ni yake. Tutamdhuru nini sisi na boti zetu za futi ishirini?" Swali zuri. Nitalijibu, lakini kwanza nataka mjue maziwa haya yana thamani gani, na hilo nitalieleza kwa kisa cha mtoto aliyeyakosa.

Januari 1997, California, Marekani, alionekana mtoto wa nyangumi wa kijivu karibu na bandari ndogo ya Marina del Rey. Jike, amepotezana na mama, ana siku chache tu tangu azaliwe. Walimpakia kwenye lori wakampeleka SeaWorld, bustani ya viumbe wa baharini huko San Diego, wakampa jina J.J. Waliokuwa pale walikuwa wataalamu, wenye fedha, wenye maabara. Wakakaa kitako kutengeneza maziwa ya nyangumi. Malai ya maziwa ya ng'ombe. Maziwa ya unga. Samaki waliosagwa. Wakachanganya, wakamlisha kwa mpira, mchana na usiku, watu kwa zamu. Na alipona! Tarehe 31 Machi 1998 walimrudisha baharini akiwa na zaidi ya tani 8. Walimfunga vyombo vya redio ili wamfuate. Baada ya siku chache vilidondoka, na hakuonekana tena.

Hebu fikirini. Jopo la watu, malai kwa ndoo, samaki kwa pipa, mwaka mzima na zaidi, kwa mtoto mmoja. Kazi hiyo hiyo, huyu mzazi wetu wa nyuma ya Pungume anaifanya peke yake, na hajatia kitu mdomoni.

Anapungua kiasi gani? Wapo waliopima. Kusini mwa Australia, mahali panapoitwa Head of Bight, hukusanyika jamaa wengine wa nyangumi, wale wanene wasio na pezi la mgongoni. Watafiti walirusha droni juu yao, wakawapiga picha mama wale wale na watoto wao, siku baada ya siku, wakawapima upana kwa urefu kama ninavyopima mzingo wa mkono kliniki. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Katika miezi mitatu mama alipoteza robo ya mwili wake. Robo! Na mtoto alikuwa akirefuka sentimita 3 hivi kila siku. Waliona pia kwamba mama aliyekuja amenona ndiye ambaye mtoto wake alikua upesi. Mwili wa mama unahamia kwa mtoto, nasi tunaweza kuupima kwa picha.

Sasa nakuja kwenu, manahodha. Naomba mnisikilize kwa makini hapa, na mkiona nimekosea mnisahihishe, maana bahari mnaijua nyinyi.

Mmewahi kumsikia dume la nyangumi wa nundu akiimba? Wapiga mbizi wamemsikia. Wimbo unakwenda kilomita nyingi chini ya maji. Basi Simone Videsen wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, pamoja na wenzake, walikwenda Exmouth Gulf, magharibi mwa Australia, ambako mama wa nyangumi hawa hupumzika na watoto. Walibandika vinasa sauti kwa vikombe vya kunata kwenye migongo ya watoto wanane na mama wawili. Walitaka kujua mama na mtoto wanasemezana nini. Unajua walisikia nini? Minong'ono. Vilio vidogo vidogo, vya chini kabisa, ambavyo ukiwa mbali huvisikii. Na walisikia miili ikisuguana, maana mara nyingi mtoto haombi ziwa kwa sauti, anajisugua kwa mama na mama anaelewa.

Kwa nini wanong'one, viumbe wenye sauti kubwa hivyo? Kwa sababu bahari ina masikio. Kuna oka, wale wanaoitwa nyangumi wauaji, ambao huwinda watoto. Kuna madume yanayotafuta wake, yakimsumbua mama aliyechoka. Ukimya ndio ukuta wa nyumba yake. Na katika ukimya huo, watafiti waliona, watoto walitumia kama moja ya tano ya muda wao kunyonya.

Mimi niliposoma hilo nilimkumbuka mzazi mmoja, binti mdogo, mtoto wa kwanza. Siku ya pili maziwa hayashuki. Chumba kimejaa watu: huyu anampa ushauri, huyu anamkemea, huyu anazungumza na simu. Mtoto analia, binti analia. Nikawaomba wote watoke, wazee kwa vijana. Nikafunga dirisha. Nikakaa naye kimya, mtoto kifuani. Haikupita nusu saa.

Sasa chukueni mashine ya boti. Chukueni mbili. Chukueni tatu, zote zinazunguka. Mbele ya mnong'ono!

Na hili nalo limepimwa, pale pale Exmouth Gulf, matokeo yakatolewa mwaka 2020. Watafiti walikaa na boti mita 100 kutoka kwa mama aliyejilaza na mtoto wake, wakachezesha kelele za mashine chini ya maji, mara ndogo, mara kubwa. Kelele ikiwa ndogo, mama aliendelea kupumzika. Kelele ikiwa kubwa, muda wake wa kupumzika ulipungua kwa asilimia 30, pumzi zake zikawa mara mbili, na mwendo wake ukaongezeka kwa asilimia 37. Zingatieni, umbali haukubadilika. Boti ni ile ile, mahali ni pale pale. Kilichobadilika ni kelele.

Kukimbia kunatumia nini? Shahamu. Shahamu ndiyo nini? Ndiyo maziwa. Basi mama anayekimbizwa anayatoa maziwa ya mwanawe na kuyachoma kama petroli.

Majuma mawili baada ya siku ile ya Pungume nilitoka tena. Safari hii tulikuta boti tatu. Sitasema za nani wala za wapi. Zilikuwa zimemweka mama na mtoto katikati, na watalii wamesimama na simu zao. Mama alikuwa anakata maji kwenda maji makuu. Mtoto alikuwa anatoka juu kila baada ya muda mfupi sana, anapuliza haraka haraka, anarukaruka ili amfikie. Nilitoa saa yangu nikahesabu, kama nilivyohesabu mwanzo. Dakika arubaini. Katika dakika arubaini hizo sikumwona mama akisimama hata mara moja. Na mtalii mmoja aliniambia kwa furaha, "Wanacheza!" Sikumlaumu. Hakujua. Lakini sisi tunajua, na kuanzia leo hakuna aliyekaa kwenye mkeka huu atakayesema hakuambiwa.

Najua mtaniambia, "Mkunga, sisi tunakula kwa watalii hawa." Najua. Ada za skuli zinatoka huko, na hata dawa nyingine pale kituoni kwangu zinanunuliwa kwa fedha hiyo. Sikuja kumnyang'anya mtu riziki. Nimekuja na kisa cha mvuvi.

Huko Meksiko, rasi ya Baja California, kuna ghuba tulivu ambako nyangumi wa kijivu huzalia. Katika karne ya 19 wakamataji nyangumi waliingia mle. Mbinu yao ilikuwa kumchoma mtoto kwanza, kwa kuwa mama hamwachi mwanawe. Mama wakapigana, wakavunja mashua, na watu wakawapa jina la samaki wa shetani. Wavuvi wa pale walirithi hofu hiyo. Mtu akimwona nyangumi anagonga ubavu wa mashua ili amfukuze. Basi mwaka 1972, katika ghuba ya San Ignacio, mvuvi aitwaye Francisco Mayoral, kwao wakimwita Pachico, alikuwa kwenye mashua yake ndogo, na nyangumi akaja akakaa chini yake na pembeni yake, hataki kuondoka. Pachico akaogopa. Halafu akanyoosha mkono, akamgusa.

Leo pale San Ignacio mama huwaleta watoto wao mpaka ubavuni mwa mashua. Wao ndio wanaokuja. Na wanaowapokea ni wavuvi wale wale, watoto na wajukuu wa walioogopa, kwa mashua chache kwa wakati mmoja na kwa zamu, na watu wanatoka pembe zote za dunia na kuwalipa. Hawakumkimbiza yeyote. Walizima mashine, wakangoja.

Nilitaka pia kuwaeleza habari ya yule nyangumi wa kichwa kikubwa, yule wazee wetu wanayemjua kwa ambari. Kwa ufupi tu. Chakula chake ngisi, na huzama kilomita nzima kumfuata, mahali mtoto hawezi kufika. Basi majike huachiana watoto juu kwa zamu, na wapo walioonekana wakinyonyesha mtoto asiye wao. Kwetu tungesema watoto hao wameshakuwa ndugu wa ziwa. Lakini wa nundu hana desturi hiyo. Mama ni mmoja, mtoto ni mmoja. Wakitenganishwa, hakuna shangazi.

Wala dunia si mara ya kwanza kulitambua hili. Mwaka 1931, mjini Geneva, enzi ambazo nyangumi walikuwa wakichinjwa kwa maelfu kila msimu, mataifa yalitia saini mkataba uliokataza kumuua mtoto wa nyangumi na mama aliye naye. Wengi hawakuufuata. Lakini hata watu wale, walioishi kwa mafuta ya nyangumi, walipoketi kuandika yasiyofaa, waliandika na hilo.

Ombi langu kwenu, manahodha, ni dogo. Ukiona mpulizo mmoja mkubwa na mmoja mdogo, jua hiyo ni nyumba ya mzazi. Kanuni za Australia zinaitaka boti isimkaribie mama mwenye mtoto ndani ya mita 300. Nasi tukae hapo. Boti moja kwa wakati, nyingine ingoje zamu yake mbali. Punguza mashine mapema, usisubiri mpaka ufike. Usikatize katikati ya mama na mtoto, hata akitoka peke yake ukadhani ameachwa. Mama yuko chini, amelala. Asitumbukie mtu majini. Na mtalii akikuuliza mbona hatusogei, mwambie ananyonyesha. Nimewajaribu wengi. Ukimwambia mtu neno hilo, hushusha sauti mwenyewe.

Wavuvi wa jarife, nanyi nina neno nanyi, lakini ni refu, na Bwana Sheha amenipa nafasi Jumatano baada ya alasiri. Njooni na nyavu zenu tuzungumze tukiziona.

Mama zangu, mtoto wa nyangumi wa nundu huanza kuonja chakula kingine akifika kama miezi sita. Miezi sita, kama wenu. Mizani nimeifunga pale chini ya mkungu. Tuanze na wachanga walio chini ya miezi sita, kadi mkononi, na wanaume wasogee upande wa pili ili wanaotaka kunyonyesha wapate kivuli.